Umealikwa bar mitzva? Haya ndiyo utakayoyakuta sinagogini

Na Mwandishi Wetu

Kadi huja na mtoto kutoka shule, au unaikuta mezani kwako ofisini. Karatasi nzito, wino wa dhahabu, jina la kijana unayemfahamu tangu hajaanza kung'oka meno ya utoto, na maelezo kwamba Jumamosi fulani, saa tatu asubuhi, ataitwa kusoma Torati. Ndani yake kuna kikaratasi kingine cha kujibu kama utakuja au hutakuja, na tarehe ya mwisho ya kujibu.

Kwa familia zetu zilizohamia New Jersey, Toronto au kaskazini mwa London, kadi hii si kioja. Mtoto akifika darasa la saba, wenzake Wayahudi huanza kutimiza miaka 13 mmoja baada ya mwingine, na mwaka mzima hugeuka msimu wa mialiko. Nairobi mialiko hiyo ni michache zaidi, ila ipo. Jumuiya ya Wayahudi imekuwa mjini humo tangu 1904, na sinagogi lao lililojengwa 1955 limesimama kando ya Barabara ya Uhuru, mahali ambapo maelfu ya abiria wa matatu hupita kila siku bila kujua ni jengo la nini.

Mwenye kadi mkononi huwa na maswali ambayo anaona haya kumuuliza mwenyeji. Nivae nini? Nikae wapi? Wakisimama nisimame? Zawadi nimpe nani? Je, mimi Mwislamu, au mimi Mkristo, naruhusiwa kweli kuingia?

Jibu la swali la mwisho ni ndiyo. Mgeni wa dini yoyote, na asiye na dini, anakaribishwa, na hakuna atakayemtaka abadili imani yake. Wayahudi hawana desturi ya kuhubiri ili kuvuta waumini wapya. Hayo mengine yanahitaji maelezo.

Si jando, wala si kipaimara

Kwetu, mtu akisikia kwamba mvulana anavushwa kwenda utu uzima, mawazo huenda moja kwa moja kwenye jando. Hapa hakuna ngariba. Mvulana wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa, kwa hiyo kufikia miaka 13 jambo hilo limeshasahaulika. Hakuna kukaa porini wala kungwi.

Wala si kipaimara, ambapo askofu huweka mkono na kupaka mafuta. Kwa sheria ya Kiyahudi, mvulana akifikisha miaka 13, na msichana akifikisha 12, amekuwa mtu wa kuwajibika, hata kama siku hiyo alikuwa amelala kitandani na homa. Hakuna rabi anayemfanya awe hivyo, na hakuna rabi anayeweza kumzuia. Tangu siku hiyo makosa yake ni yake. Siku kuu ya Yom Kippur atafunga kama watu wazima, takriban saa 25 bila chakula wala maji. Na kwa sala zile ambazo haziswaliwi mpaka watu wazima 10 wakusanyike, mvulana sasa anahesabiwa.

Kwa hiyo kinachofanyika sinagogini siku ya mwaliko ni kutumia kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, haki ambayo mtoto ameshaipata. Anaitwa mbele kama anavyoitwa baba mtu mzima yeyote, anatamka baraka, anasoma.

Ukilishika hilo, mambo mengi yatakayokushangaza yatakuwa na maana. Jumamosi hiyo waumini wangekuja hata kama mtoto huyo asingekuwapo. Sala zitakazosaliwa ni zile zile za wiki iliyopita na wiki ijayo. Mtoto amepewa nafasi ndani ya shughuli ambayo haimhusu yeye peke yake, na ndiyo sababu ibada ni ndefu, ndiyo sababu watu usiowajua wataitwa mbele kabla yake, na ndiyo sababu mtu anaweza kumaliza vizuri kabisa na asipigiwe hata kofi moja.

Kabla hujatoka nyumbani

Anza na kadi yenyewe. Jibu mapema, na uhesabu majina yaliyoandikwa juu ya bahasha. Aliyezoea kadi za harusi za Dar es Salaam anajua tofauti ya kadi ya mtu mmoja na kadi ya watu wawili. Sheria ni hiyo hiyo, ila hapa imebana zaidi. Kila kiti cha karamu kimelipiwa kwa kichwa. Kama kadi ina jina la mwanao peke yake, basi ni mwanao peke yake, na shemeji aliyefika jana kutoka Mombasa abaki nyumbani. Faraja ni kwamba hakuna kikao cha kamati wala daftari la michango. Wazazi wamebeba gharama yote.

Mavazi ni ya heshima. Mwanamume avae suti au shati na suruali nzuri. Mwanamke afunike mabega na magoti. Wayahudi wana mikondo kadhaa: Othodoksi wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, Reformu walioilegeza zaidi, na Konsavativu walio katikati. Katika masinagogi ya Othodoksi sketi au gauni refu linafaa kuliko suruali. Kitenge kilichoshonwa vizuri, dira, baibui na ushungi vyote vinapokewa bila neno. Mwenye mkufu wa msalaba mkubwa auingize ndani ya nguo, kwa adabu tu ya kuwa ugenini.

Simu ni jambo zito zaidi. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana, na ndani ya saa hizo Myahudi anayeshika sheria hawashi taa, haendeshi gari, haandiki, hagusi pesa. Kwa Othodoksi, na kwa kawaida kwa Konsavativu pia, kumpiga mtoto picha akiwa anasoma ni kuvunja Sabato mbele ya kadamnasi. Zima simu kabisa, au iache kwenye gari. Ukijiuliza zile picha nzuri za familia zilizosimama mbele ya sanduku la Torati hupatikanaje, jibu ni kwamba kwa kawaida zilipigwa siku nyingine ya wiki hiyo, wote wakiwa wamevaa nguo zile zile. Katika masinagogi ya Reformu masharti yamelegea, lakini hata huko uliza kwanza.

Kama umekuja na gari kwenye sinagogi la Othodoksi, liegeshe mbali kidogo kisha utembee. Hakuna atakayekufukuza, bali wenyeji wamekuja kwa miguu na kelele za magari mlangoni hazipendezi.

Zawadi usiende nayo. Bahasha ya pesa ipeleke nyumbani kwa wazazi siku za kazi, au itume, au ikabidhi kwenye karamu kama karamu hiyo ni Jumamosi usiku au Jumapili. Kiasi ni hiari yako, ila desturi ni kutoa kwa mafungu ya 18: dola 36, 54, 72, 180. Herufi za Kiebrania zina thamani ya hesabu, na zile mbili zinazoandika neno la uhai jumla yake ni 18, kwa hiyo anayetoa hivyo anamwombea mtoto maisha marefu. Kitabu kizuri nacho ni zawadi ya heshima. Na tafadhali usinyanyuke katikati ya ibada kwenda kumtuza mtoto kwa noti. Kwetu ni upendo. Kule itakuwa aibu kwake na kwako.

Jambo la mwisho: hotipoti la pilau liache nyumbani, hata kama limepikwa kwa mkono wa bibi. Jiko la sinagogi linafuata kanuni za kosha, yaani za chakula halali kwa Wayahudi, na chakula kutoka jiko lisilojulikana hakiingii mle, kiwe kitamu namna gani.

Mlangoni

Utakuta walinzi. Wataangalia begi, pengine watauliza jina na kulitafuta kwenye orodha, pengine watataka kitambulisho na kuuliza nani amekualika. Usichukie. Oktoba 27, 2018, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Marekani, asubuhi ya Sabato, akaua watu 11 waliokuja kusali. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu: Novemba 28, 2002 hoteli ya Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ililipuliwa kwa sababu wageni wake walikuwa Waisraeli. Katika watu 13 waliouawa na washambuliaji, 10 walikuwa Wakenya. Mlinzi anayekuuliza maswali anakulinda wewe pia. Fika dakika chache mapema, ubebe mkoba mdogo.

Ndani ya mlango kuna kikapu cha kofia ndogo za duara, kipa. Kila mwanamume huvaa, awe Myahudi au la, na kwa mtu aliyelelewa pwani hakuna geni hapo: kofia ya viua uliyokuja nayo inatosha kabisa, maana sharti ni kichwa kifunikwe. Katika masinagogi mengine wanawake nao huvaa. Kando ya kikapu utaona shali nyeupe zenye nyuzi ndefu kwenye pembe nne. Hizo ni taliti, shali za sala, na mgeni asiye Myahudi hazigusi. Nyuzi zile ni ukumbusho wa amri ambazo wenyewe wamefungamana nazo.

Katika sinagogi la Othodoksi, wanaume na wanawake hukaa mbalimbali, kukiwa na pazia au ukuta mfupi katikati, au wanawake wakiwa ghorofani. Mume na mke watengane hapo bila kubishana na mtu. Kwa Konsavativu na Reformu wote hukaa pamoja. Popote ulipo, usiende mstari wa mbele, ambao ni wa familia, na ukiona mzee amesimama anakutazama, huenda umekalia kiti alichokikalia miaka 30.

Chumba chote kinaelekea Jerusalem, na upande huo ndipo lilipo sanduku lenye magombo ya Torati, juu yake taa isiyozimwa. Ulaya na Amerika watu huelekea mashariki. Nairobi huelekea kaskazini, karibu upande ule ule wanakoelekea Waislamu wa jiji hilo kwa kibla cha Makka.

Utaupoteza ukurasa, na si kosa

Utapewa vitabu viwili, kimoja cha sala na kingine cha Torati, vyote vikifunguliwa kutoka kulia. Aliyepita madrasa mkono wake utajua wenyewe. Katika jumuiya nyingi kuna tafsiri kwa Kiingereza ukurasa wa pili, na mtu atatangaza namba za kurasa. Ukipotea, soma popote upendapo. Mkristo atatambua Zaburi nyingi. Kitabu usikiweke sakafuni. Kikianguka, utaona wenyeji wanakiokota na kukibusu.

Ibada ya Othodoksi au Konsavativu huchukua saa mbili na nusu hadi tatu. Ya Reformu huwa fupi zaidi, pengine saa moja na nusu au mbili. Kwa Othodoksi watu huingia kidogo kidogo, na saa iliyoandikwa kwenye kadi haimaanishi kwamba mtoto atasoma saa hiyo. Wengine husali kwa sauti, wengine kimyakimya, kila mtu kwa mwendo wake, na watoto wadogo hukimbia vijiani. Mgeni aliyezoea misa yenye mpangilio anaweza kudhani mambo yameharibika. Hayajaharibika.

Wakisimama, simama; wakikaa, kaa. Kusimama ni heshima, si kukiri imani. Kutamka sala, kuinama, au kubusu gombo likipita si wajibu wako, na hakuna atakayekutazama vibaya ukinyamaza. Kuna sala moja ndefu inayosaliwa kwa kusimama, miguu imebanana, kimya. Hapo usiongee wala usimpite mtu mbele. Usiingie wala usitoke sanduku likiwa wazi, wala mtu akiwa anasoma Torati au rabi anahutubia. Ukihitaji kwenda nje, subiri kituo.

Kikapu cha sadaka hutakiona, kwa sababu pesa haziguswi. Utasikia dua ya wagonjwa wakitajwa kwa majina, na dua ya nchi na viongozi wake. Karibu na mwisho utaona watu wachache wamesimama peke yao wakisoma maneno fulani huku wengine wakiitikia amina. Hao wamefiwa. Furaha ya familia moja haiwaondolei nafasi yao, na Jumamosi hiyo hiyo wenye shangwe na wenye msiba husali chini ya paa moja.

Gombo linapofunguliwa

Kilele cha asubuhi ni Torati. Sanduku hufunguliwa, wote husimama, na gombo hutolewa likiwa limevishwa joho la mahameli na taji la fedha lenye njuga. Hupitishwa katikati ya watu, na kila mtu hugeuka polepole kulifuata ili asilipe kisogo. Geuka nao.

Likifika kwenye meza kubwa huvuliwa na kufunguliwa. Ukikaa mahali pazuri utaona ngozi ya mnyama iliyoshonwa kipande kwa kipande, na safu za maandishi meusi yaliyoandikwa kwa mkono wa mwandishi maalumu. Kwa hesabu ya mapokeo gombo zima lina herufi 304,805, na kuliandika huchukua karibu mwaka mzima au zaidi. Herufi moja ikikosekana au ikifutika, gombo halisomwi mpaka lirekebishwe.

Sasa angalia kazi aliyopewa mtoto. Maandishi yale hayana irabu. Hayana nukta wala alama ya mwisho wa aya. Juu ya hayo, hayasomwi kwa sauti ya kawaida bali kwa mahadhi yaliyopangwa neno kwa neno, na alama za mahadhi nazo hazimo ndani ya gombo. Kwa miezi mingi mtoto amefanya mazoezi kwa kitabu chenye safu mbili: moja ina irabu na alama zote, ya pili ni tupu kama ilivyo kwenye gombo. Alianza na ya kwanza, akahamia ya pili, akirudi kuchungulia, mpaka siku moja hakuhitaji tena kuchungulia.

Torati yote imegawanywa mafungu 54 na husomwa ikaisha kila mwaka, kwa hiyo mtoto hachagui cha kusoma. Anapewa fungu la wiki yake. Mwenye bahati huangukia gharika ya Nuhu au ndoto za Yusufu. Mwingine huangukia sura za Mambo ya Walawi zinazoeleza magonjwa ya ngozi na ukungu ukutani, na itambidi ayatafutie maana hayo kwenye hotuba yake.

Siku ya Sabato watu saba huitwa mmoja baada ya mwingine, kisha wa nane kwa kumalizia. Wa kwanza ni wa ukoo wa makuhani, wa pili wa ukoo wa Walawi, kisha wengine. Kila mmoja anaitwa kwa jina lake la Kiebrania, fulani bin fulani. Babu ataitwa, mjomba ataitwa, na mara nyingi mwenye bar mitzva huja mwisho. Hushika pindo la taliti yake, hugusa nalo neno la kwanza, hulibusu, na kutamka baraka. Kisha huchukua kijiti cha fedha ambacho ncha yake imechongwa mkono mdogo wenye kidole kimoja kilichonyooka. Kidole hicho ndicho kinachofuata mstari, kwa kuwa ngozi ile haiguswi kwa mkono mtupu.

Ataanza. Sauti ya mvulana wa miaka 13 ndiyo kwanza inavunjika, na inaweza kumpanda na kumshuka katikati ya neno. Pembeni yake wamesimama watu wawili, vitabu vyenye irabu mkononi, wakifuata kila silabi. Akikosea neno kiasi cha kubadili maana, mmoja wao atalisahihisha hapo hapo, kwa sauti, mbele ya bibi aliyesafiri kutoka nchi nyingine. Mgeni hushtuka na kumwonea mtoto huruma. Wenyeji hawashtuki, kwa sababu msomaji mzoefu wa miaka 50 naye husahihishwa vivyo hivyo. Neno lazima lisomwe sawa, na kurudishwa nyuma kulisoma upya ni dalili kwamba usomaji wake unahesabiwa. Mtoto wa miaka 12 asingesahihishwa kwa ukali huo, maana usomaji wake usingekuwa na uzito huo.

Baada ya Torati husoma sehemu ya kitabu cha Manabii, kwa mahadhi mengine tofauti. Lakini kabla ya kusoma Manabii, mtu mwenye nguvu hulinyanyua gombo likiwa wazi juu ya kichwa, maandishi yaonekane na wote. Simama. Gombo kubwa ni zito, na kwa desturi likianguka walioshuhudia hufunga saumu, kwa hiyo ukumbi wote hushusha pumzi pale mnyanyuaji anapoketi salama.

Pipi, maneno ya baba, na vigelegele

Mtoto akimaliza tu, jihadhari na kichwa chako. Watu watamrushia pipi, laini kwa kawaida, kwa kumtakia maisha matamu, na watoto wadogo watavamia sakafu kuziokota. Pengine na wewe umepewa moja mlangoni ukajiuliza ya nini. Irushe taratibu, na usilenge uso.

Usipige makofi isipokuwa wenyeji wamepiga, jambo linalotokea zaidi kwa Reformu. Waumini watasema "mazal tov", nawe sema hivyo hivyo. Vigelegele navyo vina wenyewe: akina mama wa Kiyahudi wenye asili ya Morocco, Yemen na Iraki huvipiga kwa ustadi, na ukivisikia vimeanza upande wao una ruhusa ya kuitikia. Jerusalem, kwenye Ukuta wa Magharibi, ambako bar mitzva nyingi hufanywa Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine za kusoma Torati, akina mama husimama juu ya viti upande wao wa kizuizi, wakichungulia, wakirusha pipi na kupiga vigelegele. Kwa kuwa si Sabato, hapo picha ni ruksa.

Baba wa mvulana, katika jumuiya zinazofuata desturi hiyo, husema sentensi fupi ya kumshukuru Mungu kwa kumwondolea dhamana ya mtoto huyu. Mgeni anayesoma tafsiri anaweza kuona ni maneno makavu mno kwa baba. Lakini ndiyo sheria yenyewe imesemwa wazi: hadi jana lawama ilikuwa ya mzazi, leo ni ya kijana.

Kisha mtoto hutoa hotuba kuhusu fungu alilosoma. Hapa ndipo mgeni asiyejua Kiebrania anapata cha kushika. Sikiliza kwa makini, kwa sababu baadaye, ukikutana naye mezani, kumwambia jambo moja mahususi kutoka kwenye hotuba hiyo kutampendeza kuliko sifa kumi za jumla.

Wasichana, tangu 1922

Kadi yako ikisema bat mitzva, ni ya msichana. Desturi ya msichana kuitwa mbele ya watu ina umri unaojulikana. Machi 18, 1922, mjini New York, rabi Mordecai Kaplan alimwita bintiye Judith, mwenye miaka 12, asimame asome. Hakupewa gombo. Alisoma kutoka kitabu cha chapa, akiwa amesimama mbali kidogo na meza. Wanawake wa Marekani walikuwa wamepata haki ya kupiga kura nchi nzima miaka miwili tu kabla yake. Judith aliishi akaona jambo lake likienea. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alifanya bat mitzva ya pili.

Leo kwa Reformu na Konsavativu msichana hufanya kila anachofanya mvulana, mara nyingi naye akiwa na miaka 13. Kwa Othodoksi hasomi Torati mbele ya wanaume. Hutoa hotuba wakati wa mlo, au husoma katika mkusanyiko wa wanawake. Usimuulize mama yake kwa nini. Yamkini ameshaulizwa mara nyingi.

Masinagogi hayafanani hata kwa wimbo. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambayo ibada yake iliwahi kupigwa marufuku chini ya Idi Amin. Rabi wao, Gershom Sizomu, aliwekwa wakfu Marekani mwaka 2008. Mgeni wa huko atasikia zaburi za Kiebrania zikifuatana na nyimbo za Kiganda. Mpangilio wa asubuhi, sanduku, gombo, wasomaji saba, ni ule ule wa London.

Mezani

Ibada ikiisha watu husema "Shabbat shalom" kulia na kushoto na kuhamia ukumbini. Usianze kula. Kwanza husomwa baraka juu ya divai, na vikombe vidogo hupitishwa. Kwa kawaida kuna sharubati ya zabibu kwa watoto na kwa asiyekunywa. Mwislamu aulize kipi ni kipi kabla ya kuinua, maana kwa rangi havitofautiani.

Kama kuna mlo kamili, watapanga foleni kunawa mikono kwa kopo lenye mikono miwili, na baada ya kunawa hawasemi neno hadi mkate uliwe. Ukimsalimu mtu hapo akakujibu kwa kutikisa kichwa, hakukununia. Juu ya meza kuna mikate miwili iliyosukwa, hala, imefunikwa kitambaa.

Nguruwe, kamba na pweza havimo. Nyama na maziwa haviliwi pamoja, kwa hiyo kukiwa na nyama usitafute maziwa ya chai. Na kwa kuwa Sabato hakupikwi, utakutana na cholenti: mchuzi mzito wa nyama, maharage, viazi na shayiri uliotengwa motoni Ijumaa kabla ya jua kuzama na kuachwa hadi mchana wa Jumamosi. Rangi yake haivutii. Kula, umejaa ladha ya usiku kucha.

Karamu yenye muziki ni shughuli nyingine, mara nyingi Jumamosi usiku au Jumapili. Huko utacheza kwa duara mkishikana mikono, mtoto atanyanyuliwa juu kwenye kiti, na Marekani pengine watawasha mishumaa 13 kwa heshima ya ndugu na marafiki. Huko piga picha utakavyo. Familia zinazokosoana kwamba fulani ametumia fedha nyingi mno kwa ukumbi na maua zipo miongoni mwa Wayahudi, kama zilivyo kwenye harusi zetu.

Lakini ukitaka kujua bar mitzva ilifana au haikufana, ukumbi hautakuambia. Subiri asubuhi ya siku ya kazi, baridi, saa kumi na mbili na nusu, pale sinagogini wamefika watu tisa na sala haiwezi kuanza. Mmoja wao atapiga simu nyumbani kwa yule kijana. Wiki chache nyuma simu hiyo isingekuwa na maana, kwa sababu hakuwa anahesabiwa. Sasa anahesabiwa, na watu tisa wazima, wenye kazi za kuwahi, watakaa wakimsubiri avae viatu.